Asiyekuwepo na lake halipo: mbawakawa wa Nevada mbele ya sheria

Mwezi Aprili 2025 serikali kuu ya Marekani ilipendekeza kufuta maana ya neno moja katika kanuni za Sheria ya Spishi zilizo Hatarini ya mwaka 1973. Neno lenyewe ni "kudhuru". Tangu mwaka 1975 kanuni hizo zimesema kwamba anayeharibu makazi ya mnyama aliyeorodheshwa, kiasi cha kumuua au kumjeruhi, amemdhuru, sawa na aliyempiga risasi. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu iliikubali tafsiri hiyo kwa kura 6 dhidi ya 3. Sasa serikali inasema tafsiri ilivuka mipaka ya sheria yenyewe, na pande mbili zimekabiliana kama mafahali. Wahifadhi wanalia kwamba boma limebomolewa. Wajenzi na wachimba madini wanashukuru kwamba hatimaye pingu zimefunguliwa.

Ubishi una maana, sikatai, lakini umesimama mahali pasipo. Kwa viumbe wengi walio katika hali ngumu kweli, hasa wadudu, neno hilo halijawahi kuwagusa, kwa sababu hawajawahi kufika kwenye orodha ambayo neno hilo linailinda. Wamezuiwa mapema zaidi, kwenye swali la ushahidi. Sheria inataka ionyeshwe kwamba spishi iko hatarini. Kuonyesha kunataka utafiti. Utafiti unataka fedha. Na fedha haziendi kwa mdudu asiyemgharimu mtu senti moja. Mwisho wa mnyororo huo, kutojulikana kunasomwa kama usalama. Hapo ndipo penye kasoro, na kasoro hiyo itabaki palepale hata kama kila mhifadhi atashinda kesi yake kuhusu maana ya "kudhuru".

Mfano ninaoujua vizuri zaidi ni wa mdudu mmoja wa jimbo la Nevada aitwaye Pseudocotalpa giulianii, ambaye jina lake karibu ni refu kuliko muda anaouishi juu ya ardhi. Ni wa kundi la Rutelinae, mbawakawa wala majani wanaong'aa, lenye zaidi ya spishi 4,000 duniani. Katika ukoo huo wamo warembo wa kupigiwa mfano. Jenasi ya Chrysina ina spishi za kijani zenye mistari ya fedha na nyingine zinazoonekana kama zimemwagiwa dhahabu, na mwaka 1911 mwanafizikia Albert Michelson alieleza jinsi gamba la mmoja wao linavyoirudisha nuru ikiwa imesokotwa kuelekea upande mmoja. Tangu hapo maabara za fizikia hazijawaacha. Huyu wa Nevada hakupewa mapambo hayo. Rangi yake imefifia, inakaribiana na ya mchanga anamoishi, na hakuna mwanafizikia aliyepigwa na butwaa mbele yake. Mtaalamu wa wadudu Alan Hardy alimweleza kisayansi mwaka 1974, akampa jina la kumuenzi Derham Giuliani, mtafiti wa viumbe aliyezunguka majangwa ya huko kwa miaka mingi.

Mahali anapojulikana kuishi ni pawili tu: Big Dune na Lava Dune, vilima jirani vya mchanga katika bonde la Amargosa, kaunti ya Nye. Kilima cha mchanga jangwani ni kisiwa. Mbali ya mchanga kuna changarawe na udongo mgumu, na mdudu aliyezoea kujichimbia kwenye mchanga laini hana la kufanya huko, kama samaki asivyokuwa na la kufanya nchi kavu. Mtu anayekipita kwa gari anaona lundo la vumbi lililokufa, lakini mchanga hunyonya mvua haraka na kuhifadhi unyevu chini, ambako jua haliufikii, kwa hiyo tumbo la kilima lina uhai ambao uso wake hauonyeshi. Humo mbawakawa huyu hukaa karibu maisha yake yote. Kati ya Aprili na Juni, jua linapozama, madume huibuka, huruka chini chini juu ya mchanga na kuvizunguka vichaka vya kreosoti wakitafuta majike. Giza likikolea wanazama tena. Anayetaka kumhesabu anapaswa kuwa pale, katika majuma hayo machache, kwenye dirisha hilo dogo la jioni. Akichelewa, atarudi mjini na kuandika kwamba hakuona kitu, na karatasi yake itakuwa sehemu ya kumbukumbu rasmi.

Safari yake mbele ya sheria ndiyo inayonifanya niandike. Mwaka 1978 Idara ya Samaki na Wanyamapori ilipendekeza aorodheshwe kuwa spishi iliyo katika tishio, na vilima vyake viwili vitambuliwe kuwa makazi muhimu. Mwaka huohuo Bunge likaibadilisha sheria, katika vurugu za kesi ya samaki mdogo aliyesimamisha bwawa la Tellico kule Tennessee, na mapendekezo mengi yaliyokuwa yanangoja yakakabiliwa na masharti mapya na muda wa mwisho. La mbawakawa likaondolewa mwaka 1980. Hakuna aliyethibitisha kwamba yu salama. Karatasi yake tu ndiyo iliyokwisha muda. Miaka 30 baadaye, mwaka 2010, shirika la WildEarth Guardians liliomba upya kwa niaba yake na ya mbawakawa wengine wa vilima vya mchanga vya Nevada. Mwaka 2012 jibu likatoka: kwa taarifa zilizopo, hastahili kuorodheshwa. Hakukuwa na hesabu za miaka mingi za kuonyesha idadi yake ikishuka. Wala hazikuwepo za kuonyesha ikipanda, au ikisimama.

Ndugu yake wa California, Pseudocotalpa andrewsi, anayeishi kwenye matuta ya Algodones, alipata jibu gumu zaidi. Mwaka 2006 idara ilisema ombi lake halikuwa na taarifa za kutosha hata kuanzishiwa uchunguzi kamili. Tafakari mantiki ya hapo. Uchunguzi ndio njia ya kupata ushahidi, na ushahidi ndio nauli ya kuingia kwenye uchunguzi. Mtu akiambiwa benki haimpi mkopo mpaka aonyeshe kwamba ana fedha, angalau anaweza kucheka na kuondoka. Mdudu hana pa kwenda.

Watumishi wa idara hawastahili matusi wanayotupiwa, kwa sababu hoja yao ina uzito. Sheria inawaamuru waamue kwa kutumia taarifa bora za kisayansi zilizopo. Haiwaambii waamue kwa hofu, wala kwa huruma. Orodha ikijazwa kila kiumbe ambacho hakuna anayekijua, itakuwa kitabu cha simu, na ulinzi wa wale walio mahututi kweli utapungua nguvu mahakamani na mbele ya umma. Kila spishi inayoingia inadai mpango wa kuinusuru, watu wa kuisimamia na mashauriano kila mradi unapokaribia, na idara haijawahi kuwa na fedha za kutosha hata kwa wale waliomo. Zaidi ya hayo, kuwa na eneo dogo si ugonjwa. Kuna viumbe vilivyoishi kwenye kilima kimoja kwa maelfu ya miaka bila shida yoyote. Haya yote nayakubali. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ambayo kwa kawaida hufanyika kimyakimya: jibu la "hatuna ushahidi wa kutosha" linapotoka ofisini na kufika kwenye meza ya anayetoa kibali cha mradi, limeshageuka kuwa "spishi hii ilichunguzwa, ikaonekana haina tatizo". Hizo ni sentensi mbili tofauti kabisa, na sheria kwa sasa inazitia muhuri mmoja.

Waendesha magari ya mchangani nao wana lao. Big Dune ni uwanja wao wa siku nyingi, na wanauliza swali ambalo wahifadhi hawalijibu vizuri: kama magurudumu yanamuua huyu mdudu, mbona bado yupo, karibu nusu karne tangu pendekezo la 1978? Ni swali la haki. Sehemu ya jibu ni kwamba wengi wao wanapenda miteremko mitupu ya juu, ilhali mbawakawa hukusanyika penye vichaka, pembezoni. Sehemu nyingine ni kwamba Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi mwaka 1998 iliyatenga maeneo yenye ekari zipatazo 1,900 hapo kuwa ya uangalizi maalumu. Lakini kuwepo hakuthibitishi kustawi. Mtu aliyewaona mbawakawa kumi jioni moja ya mwaka 1980 na aliyewaona kumi jioni moja ya mwaka huu hawajatuambia lolote kuhusu wale wasioonekana. Hata hivyo nasema wazi: wakija na hesabu ya misimu mingi inayoonyesha mdudu yuko sawa, mimi nitakuwa wa kwanza kuacha kulalamika. Nataka hesabu. Sidai iwe hesabu inayonipendeza.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayotolewa kwa kejeli: kuna mbawakawa wa ukoo huu zaidi ya 4,000, akipotea mmoja nani atajua, na isitoshe jamaa zake ni waharibifu. Inastahili kujibiwa kwa kirefu kwa sababu, bila kukusudia, inafichua jinsi maarifa yanavyogawanywa. Mharibifu anayetajwa ni Popillia japonica, mbawakawa wa Japani. Aligunduliwa Marekani mwaka 1916 kwenye kitalu cha mimea karibu na Riverton, New Jersey, yaelekea akiwa amesafiri ndani ya udongo wa mimea iliyoagizwa kutoka nje. Kwao Japani hakuwa tishio kubwa. Huko ugenini, bila maadui aliowazoea, akawa janga la mizabibu, mawaridi na nyasi za bustani. Wizara ya Kilimo ya Marekani imekadiria gharama za kumdhibiti kuwa zaidi ya dola milioni 460 kwa mwaka. Serikali iliagiza nyigu wa kumwinda. Kati ya 1939 na 1953 ilisambaza vijidudu vya ugonjwa unaowageuza funza wake kuwa weupe kama maziwa. Alipoonekana Italia mwaka 2014 na Uswisi mwaka 2017, Ulaya nzima ilijua ni nani anayebisha hodi, kwa sababu karne nzima ya utafiti ilikuwa imeshamchora kila upande: anataga kina gani, anapenda unyevu kiasi gani, anaruka umbali gani.

Sasa mweke kando ya binamu yake wa Amargosa. Wote ni wa ukoo mmoja, wote hutumia sehemu kubwa ya maisha wakiwa funza ardhini. Mmoja ana maktaba. Mwingine ana makala chache na taarifa za waliopita pale jioni. Tofauti haitokani na umuhimu wao katika maumbile. Inatokana na nani aliyeharibikiwa shamba. Kumhukumu wa Nevada kwa makosa ya yule wa Japani ni kumfunga mtu kwa sababu ya jina la ukoo, na kibaya zaidi ni kufunika sababu halisi ya sisi kutomjua. Sheria yenyewe, kwa njia yake, iliona tatizo hili la majina: inawanyima ulinzi wadudu ambao waziri mhusika ameamua kuwa ni waharibifu ambao kuwalinda kungeleta hatari kubwa mno kwa binadamu. Pseudocotalpa giulianii hajawahi kumlia mtu hata jani la bustani. Na hiyo hoja ya kwamba wako wengi haisimami, kwa kuwa wingi wa spishi katika ukoo haupunguzi uchache wa kila moja. Watu wakiwa mamilioni, kijiji kimoja kikizama bado kimezama.

Upande wa wahifadhi nao una hoja mbovu yake, nami sitaipamba. Ni ile ya kusema kwamba mdudu huyu akiondoka jangwa lote litaporomoka. Hakuna anayeweza kuionyesha, na kila inaposemwa inawapa wapinzani nafasi rahisi ya kucheka. Thamani ya kiumbe isitegemee hadithi kwamba kimeshikilia dunia kwa pembe.

Hoja yenye nguvu imo katika yaliyokwisha kutokea kwenye mchanga mwingine. Kipepeo wa buluu aitwaye Xerces aliishi kwenye matuta ya San Francisco mpaka mji ulipoyafunika, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Hapakuwa na sheria, hapakuwa na hesabu, na alipokosekana watu walikuwa wakikumbuka tu. Kusini mwa jimbo hilohilo la California, kwenye matuta yaliyobanwa na uwanja mkubwa wa ndege wa Los Angeles, kipepeo mwingine wa buluu, wa El Segundo, aliingia kwenye orodha mwaka 1976, miongoni mwa wadudu wa kwanza kabisa. Ndege bado zinapaa juu yake, naye bado yupo. Tofauti moja ilikuwa sheria. Nyingine, isiyotajwa sana, ni kwamba kipepeo huruka mchana, ana rangi, na anashikamana na mmea mmoja unaoonekana. Watu waliweza kumhesabu mwaka hadi mwaka na kujua jitihada zinazaa matunda au la. Mbawakawa wa jioni, mwenye rangi ya mchanga, anaanza mbio hizo akiwa nyuma kwa sababu tu ya saa anayotoka nyumbani.

Kuna pia njia ya kupata ulinzi kwa mgongo wa mwingine. Kule Algodones, mmea mmoja wa jamii ya kunde, unaoota kwenye mchanga, uliorodheshwa mwaka 1998. Mwaka 2000 ekari zipatazo 49,000 zikafungwa kwa magari kwa ajili yake, na kila kilichoishi humo, pamoja na mbawakawa aliyekataliwa baadaye, kikapata pumzi. Ulinzi wa namna hiyo ni bahati, na mwenye mgongo akiondolewa, aliyebebwa anaanguka naye. Ndiyo maana sidharau ubishi wa "kudhuru" moja kwa moja: ukidhoofisha ulinzi wa makazi ya waliomo kwenye orodha, unawanyang'anya wapangaji wasio na jina paa walilokuwa wamejibanza chini yake. Ila tuwe wakweli kwamba Big Dune haina mmea wa namna hiyo wa kumkinga mtu.

Na wakati haungoji. Mwaka 2012, uleule wa jibu la "hastahili", serikali ililiweka bonde la Amargosa miongoni mwa maeneo 17 iliyoyateua kwa umeme wa jua katika majimbo 6. Mwezi Desemba 2024 mpango huo ulipanuliwa hadi kufikia takriban ekari milioni 31 katika majimbo 11. Mimi si adui wa umeme wa jua, na ninaona ni aibu wahifadhi wanapolazimika kuchagua kati ya hewa safi na mdudu. Ila paneli hazihitaji kukanyaga kilima ndipo zikiathiri. Kilima hulishwa na mchanga unaosafiri kwa upepo kutoka mbali. Ukiufunga uwanda unaokilisha, au ukauwekea uzio na barabara, unabadilisha mlo wake polepole, na matokeo huonekana baada ya miaka mingi. Hilo ndilo aina ya badiliko ambalo bila hesabu ya mwanzo hakuna atakayeweza kulidai mahakamani, awe mwenye nia njema au mbaya.

Majimbo yameanza kuona pengo hili, wakati mwingine kwa njia za kuchekesha. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ya California iliamua kwamba nyuki bumbi wanaweza kulindwa na sheria ya jimbo kwa sababu, kwa maana ya sheria hiyo, wanaingia kwenye fungu la samaki. Magazeti yalicheka wiki nzima. Mimi nilicheka pia, kisha nikakumbuka kwamba kichekesho chenyewe kilikuwa orodha iliyoandikwa bila kumfikiria mdudu hata kidogo, mpaka majaji wakalazimika kumtafutia mlango wa baharini. Colorado mwaka 2024 ilikwenda moja kwa moja: ilitunga sheria ya kuipa mamlaka ya wanyamapori ya jimbo kazi ya kuchunguza na kuhifadhi wanyama wasio na uti wa mgongo na mimea adimu. Neno la kuzingatia hapo ni kuchunguza.

Asiyekuwepo na lake halipo, na katika mabaraza haya asiyehesabiwa ndiye asiyekuwepo. Kinachotakiwa katika sheria ya shirikisho si kuorodhesha kila asiyejulikana. Ni kutenganisha majibu mawili ambayo leo yanatoka na jina moja. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, una fungu la "Taarifa Hazitoshi" katika Orodha Nyekundu yake, na maelezo yake yanaonya kwamba spishi iliyowekwa humo huenda ikaja kugundulika kuwa iko hatarini. Sheria ya Marekani haina fungu kama hilo. Ina ndiyo, ina hapana, na ina foleni ya wanaongoja. Jibu la tatu, lenye jina lake na wajibu wake, lingemaanisha kwamba aliyekataliwa kwa kukosa taarifa anapewa muda maalumu wa kuhesabiwa, na kwamba mradi unaoomba ardhi inayozunguka makazi yake unachangia gharama ya hesabu hiyo kabla ya kibali. Kwa mwekezaji pia kuna faida, maana akishajua mdudu yuko wapi na hayuko wapi, hatashtakiwa baadaye kwa jambo ambalo hakuna aliyelijua siku anaweka saini.

Kwa Big Dune kazi hiyo si kubwa. Ni watu wachache wenye tochi na daftari, wakisimama kando ya vichaka vilevile vya kreosoti, jioni zilezile za mwezi Mei, miaka kadhaa mfululizo, na mtu mmoja wa kuzihifadhi namba hizo mahali ambapo mwanasheria wa upande wowote anaweza kuzisoma.